Meza za Meli Kwenye Mabenchi ya Gatsata

Kabla sijafika kwa Baharia niseme kwanza habari ya jino, kwa sababu bila lile jino nisingekuwa na kabare, kilabu changu cha nyama na pombe, na bila kabare yule mtu angepita tu barabarani kama wengine.

Nilikuwa kijana, kibarua wa mjengo pale Gitega ya Kigali, nabeba matofali. Jino la nyuma likaanza kuniuma, likauma mpaka sikio likaziba. Wenzangu wakanipeleka kwa fundi wa baiskeli. Huyo alikuwa aking'oa meno pia, kwa koleo ileile ya kukazia minyororo, ila aliichovya kwanza kwenye birika la chai. Akaniambia panua, nikapanua, akavuta. Kutazama, jino jeupe, zima, halina hata doa. Nikamwambia silo hili. Akaligeuza juani akasema, "Hata hili lilikuwa njiani." Akarudi akang'oa na lenyewe, halafu akanisindikiza mpaka barabarani amenishika mkono kama bibi arusi. Maumivu nimeyasahau, huo mkono sijausahau.

Nikakaa muda mrefu siwezi kutafuna nyama. Mchana vibarua wakichoma mbuzi wao waliniambia, wewe huli, kaa hapo ugeuze. Nikageuza. Mtu asiyeweza kula anageuza vizuri, hana haraka. Wakaanza kusema nyama ya yule mwenye pengo ni laini. Mjengo ulipoisha nikajikuta nachomea watu pembeni mwa barabara, kisha nikapata kibanda, kisha nikapanda Gatsata, juu ya stendi ya Nyabugogo, nikafungua kabare yangu: mabenchi manne, bati, jiko la mkaa, kreti za bia, na mtungi wa urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi. Mimi shule niliiacha mapema, atakayesoma anivumilie nikizunguka. Nazunguka lakini nafika.

Niseme na mila moja, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Kwetu anayekupa kinywaji anakionja yeye kwanza, mbele ya macho yako. Mtungi ukija, mwenye mtungi anavuta kwa mrija kidogo, anameza, ndipo anakupa. Bia ya chupa inafunguliwa mbele yako. Ikija imefunguliwa unairudisha, wala hakuna anayeona umekosa adabu. Haisemwi kwa nini. Kila mtu anajua kwa nini. Na kula ni kinyume chake: mtu mzima hapendi kuonekana akitafuna. Kabare yangu ilikuwa na pazia, na nyuma ya pazia chumba kidogo. Watu wa heshima walikunywa mbele, wakala nyuma.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini vita vilianza kaskazini. Barabara ya kaskazini inapita mlangoni kwangu. Malori ya jeshi yalipanda yamejaa, yakashuka sijui na nini, yamefunikwa turubai. Ikawekwa saa ya kuwa ndani. Madereva na wapagazi wa Nyabugogo, ndio wateja wangu, wakaanza kunywa wamesimama, wanatazama jua.

Baharia alikuja katika hali hiyo, mwaka uliofuata, akitokea stendi na mfuko mmoja begani. Mrundi, mtoto wa Bujumbura, mama yake ametoka huku kwetu. Alitoroka kwao bado mdogo akafika Mombasa, akaingia kwenye meli za abiria, zile za matajiri wanaozunguka bahari bila kwenda popote. Mhudumu wa meza. Nywele za pembeni zilikuwa zimeanza mvi. Akaagiza brosheti, mshikaki wetu, nikampa, akaitazama.

"Mzee, nyama hii nani amekata?"

"Mimi."

"Uligombana na nani?"

Dada yangu mdogo, aliyekuwa akipika maharage pale nyuma, akacheka hata mwiko ukamponyoka. Huyo dada yangu alikuwa amevuka umri ambao watu huja kuposa, na ulimi wake ulichangia. Akatoka akamwambia, "Kama unajua, kisu hiki hapa." Baharia akakata. Vipande sawasawa, kama sabuni. Akakaa pale mpaka saa ya kurudi ndani, na kesho yake akaja tena, na siku nyingine akaja na kitambaa cheupe akakitundika kwenye mkono wa kushoto, akahudumia watu wangu bila mtu kumwomba. Nikamwachia. Alikuwa na chumba cha kupanga kule bondeni, hakuwa na mtu.

Jioni ndipo tulipozungushwa bahari. Mimi bahari sijaiona hadi leo, lakini meli zake nazijua kama majirani.

Alisema meli ya Wagiriki chakula chake kilikuwa mafuta na samaki mwenye kichwa, na wapiga gitaa walianza jioni, watu wakavunja sahani kwa furaha, na waliozifagia ni wao wahudumu. Meli ya Wataliano, hiyo ndiyo alisema ya chakula: supu, kisha tambi, kisha nyama, kisha jibini, na mfanyakazi naye anapata divai yake ya mchana. Lakini burudani yake, mwanamke mmoja mnene anaimba kama anayefiwa. Meli ya Waingereza chakula hakina chumvi, viazi tu vimechemshwa mpaka vimekata tamaa. Ila kulikuwa na daktari wa wafanyakazi, na viatu vipya kila safari, na mchezo wa namba ambao vikongwe waliupigania kuliko chakula. Meli ya Wafaransa mkate wake, akifika hapo alilamba midomo. Na marupurupu yake ni masabuni ya abiria yaliyobaki, yananukia maua; alikuwa bado na kipande kimoja, alikitoa mfukoni tukanusa wote, mpagazi mmoja akasema hii ningekula.

"Na ipi iko nzuri kushinda zote?" dada yangu akauliza.

"Ukitaka tumbo, Mtaliano. Ukitaka kucheka, Mgiriki. Ukitaka kuzeeka na meno, Mwingereza."

"Meli zote hizo," dada yangu akasema, "hakuna hata moja iliyokubakisha."

Watu wakacheka. Yeye akacheka pia, lakini akakunja kile kitambaa, akakikunjua, akakikunja.

Kilichomshangaza kwetu ni pazia. Alisema kule watu wanavaa suti na almasi ili waonekane wanakula. Meza ya karibu na nahodha inagombaniwa, kwa sababu huko wote watakuona ukiweka kijiko mdomoni. Mzee mmoja fundi seremala akamwambia, "Basi hao hawana wazazi." Baharia alituambia na jambo lingine, naliandika hapa mahali pake. Katika meli zote, ya Mgiriki hata ya Mwingereza, mhudumu hagusi mdomo kwenye glasi ya mgeni. Akionekana amelamba hata tone, anashushwa bandari inayofuata, kokote iliko. Yeye mwenyewe alishuhudia Mfilipino mmoja akishushwa kwa tone la namna hiyo, analia gatini na sanduku lake. Na kumimina kunafanyika nyuma, mahali mgeni haoni, ili kila kitu kije mezani kimekamilika kama kimeshuka mbinguni.

Pale kwangu halikuleta shida. Bia nilifungua mimi mbele ya mtu, mtungi nilionja mimi. Yeye alibeba nyama, alifuta mabenchi.

Alijaribu kunisaidia nipate watu. Alileta ule mchezo wa namba wa Waingereza, tukacheza kwa punje za maharage na vibao vya kuandika kwa mkaa. Siku chache kabare ilijaa kama zamani. Halafu akaja kiongozi wa seli, yaani wa mtaa wetu, akasimama mlangoni, akauliza huu ni mkutano wa chama gani. Vyama vilikuwa vimeruhusiwa, vingi, kila kimoja na kofia yake, na watu walikuwa wameanza kupigana kwa ajili ya kofia. Nikamwambia ni mchezo. Akauliza, kama ni mchezo kwa nini mnaita namba kwa sauti, namba za nani? Tukaacha mchezo. Maharage dada yangu akayapika.

Tangu hapo naweza kusema hali ilikuwa inateremka tu. Watu waliokuwa wakivuta mtungi mmoja kwa mirija miwili wakaanza kuja kila mtu na mrija wake mfukoni. Kisha mtungi wenyewe wakauacha, wakataka chupa. Mtu akifa ghafla, hata mzee mwenye kifua cha miaka mingi, hawakuuliza aliumwa nini, waliuliza alikunywa wapi. Mabomu ya mkono yalirushwa mara moja mbili kule stendi na hakuna aliyejua nani. Ukikutana na mtu uliyemjua tangu utoto anakuuliza wewe siku hizi uko wapi, na hakumaanisha nyumba. Yaliyokuja mwaka wa tisini na nne wameyaandika wenye elimu. Mimi dada yangu sinaye tena, na hapo sitaongeza. Naandika ya kabla.

Basi Baharia na dada yangu. Mimi niliona kabla hawajasema. Yeye akimsimulia meli alianza kusimulia marupurupu tu, vitanda, matandiko, kama mtu anayeuza. Dada yangu akamuuliza siku moja mbele yangu, "Unatafuta kazi au unatafuta nyumba?" Akajibu, "Kazi nilizipata nyingi." Kesho yake akanijia nikiwa nachinja, akanivulia kofia, akaniita shemeji, kisha akaona ameharakisha, akaniita mzee.

Nilimtaka awe shemeji yangu. Nisifiche. Lakini baba yetu alikuwa amekufa na mwenye neno alikuwa baba mdogo, ndugu wa baba, aliyeishi juu zaidi kilimani, mtu wa kofia ya pama na fimbo, asiyecheka Jumapili. Baharia hakuwa na ukoo Kigali. Posa bila ukoo haisemwi. Nikamtafutia dereva mmoja wa zamani, mteja wangu, mzee wa maneno, awe mahali pa baba yake na amsemee. Dereva akafurahi kabisa, akanunua na koti. Alimwita mwanangu tangu siku ile, "Mwanangu, mbona hujanyoa, mwanangu, tembea nyuma yangu." Ng'ombe alipatikana. Siku ikapangwa, kiangazi cha tisini na tatu, mchana, kwenye ua wa baba mdogo.

Mpaka ng'ombe wa mahari kuelezwa mambo yalikwenda vizuri. Dereva alisema maneno yake yamepangika, wazee wa kwetu wakamsumbua kidogo kama inavyotakiwa, wakadai hawana binti, kisha wakakumbuka kwamba yupo. Ikabaki kinywaji cha mkwe. Sisi tulitegemea mtungi uwekwe katikati, dereva aonje, aupitishe kwa wazee. Baharia alikuwa ameleta urwagwa mzuri kutoka kwa mtu anayejua, lakini yule mzee dereva alipoinuka, akamwambia kwa heshima, "Baba, leo kaa. Leo nahudumia mimi." Alitaka kuwapa kitu alichokijua. Ndicho tu alichokuwa nacho duniani cha kuwapa.

Akabeba mtungi akaingia nao jikoni. Tukakaa. Tulisikia glasi. Mama mkubwa akauliza polepole, "Anafanya nini kule?"

Akatoka. Shati jeupe, kitambaa mkononi, sinia juu ya vidole vitano, glasi zimejaa sawasawa zote mpaka alama moja, kinywaji kimechujwa kikawa cheupe kama maji ya mchele. Alitembea kama hagusi ardhi. Akaanza na mama mkubwa, maana kule melini wanawake wanatangulizwa; akapita mbele ya baba mdogo kumfikia. Akainama akaweka glasi. Kisha baba mdogo. Kisha wengine. Akarudi nyuma hatua chache akasimama wima, mikono nyuma, anangoja.

Hakuna mkono ulioinuka. Nzi mmoja akatua kwenye glasi ya baba mdogo, na baba mdogo hakumfukuza.

"Kijana," akasema, "hiki ni nini?"

"Urwagwa, mzee. Nimechuja mara mbili."

"Umechujia wapi?"

"Huko jikoni, mzee."

"Na wewe unakunywa nini?"

"Mimi sinywi, mzee. Nahudumia."

Nilisikia yale maneno yakitoka mdomoni mwake nikajua yamekwisha toka. Dereva akafumba macho. Mimi nikasimama nikasema, baba mdogo, melini ndivyo wanavyofanya, mhudumu haruhusiwi kuonja, ameishi hivyo maisha yote. Nikachukua glasi yake, pamoja na nzi, nikainywa yote mbele yao.

"Wewe kaa chini," baba mdogo akasema. "Wewe tunakujua. Kama kule melini hawaonji, aoe melini."

Sasa Baharia ndipo alipoelewa. Nilimwona. Rangi ya uso ilibadilika kuanzia shingoni. Alikulia Bujumbura, kwao nao wanaonja, aliyajua haya kabla ya kuijua bahari. Baadaye aliniambia, "Nilijua, mzee. Mkono ulikwenda ulikozoea." Akajongea haraka akanyanyua glasi ya mama mkubwa, akaipeleka mdomoni.

"Weka," baba mdogo akasema. "Kuonja baada ya kukumbushwa, hata mwenye sumu anaonja."

Neno hilo likawa limesemwa uani, mchana, na watu wanasikia. Wazee wakainuka mmoja mmoja. Glasi zilibaki pale zimejaa, dada yangu ndiye aliyezimwaga kwenye mgomba, peke yake, moja moja.

Nilikwenda kwa baba mdogo tena na tena. Dada yangu naye alikwenda akamwambia hataki mwingine, na huyo si mtu wa kurudia jambo. Mwishowe mzee akalegea, au alitaka tuondoke. Alisema yeye si mtu mbaya, ila mgeni asiye na ukoo, ukoo wake ni majirani. "Watu wa Gatsata wakinywa mkononi mwake," akasema, "hata mimi nitakunywa. Waje waniambie."

Baharia alipopata jibu hilo alifurahi kama amepewa. Alisema Gatsata ni wateja wetu, shemeji, hawa tumewalisha miaka. Akaja asubuhi na mapema akafagia mpaka barabarani. Akaniomba nimwachie vinywaji vyote, mtungi na chupa, nisiguse. Nikamwachia.

Na akaanza kuonja. Alionja kila kitu. Alivuta mtungi mbele ya mtu, akameza, akangoja, akafungua mdomo waone ameshameza. Alionja maji. Siku moja alimfungulia fundi seremala bia ya chupa, mbele yake, sawasawa, kisha akamimina kidogo kwenye kiganja akaionja nayo. Fundi akamtazama. "Bia ya kiwanda unaionjea nini?" akauliza. "Una wasiwasi nayo?" Akaiacha. Kesho yake hakuja. Yule mpagazi aliyetaka kula sabuni akaanza kukaa benchi la nje kabisa, anasema ndani kuna moshi.

"Punguza," dada yangu akamwambia. "Unawaonjea kama mtu anayeogopa."

"Nikipunguza watasema sionji."

"Basi simulia meli."

Akasimulia. Alisimulia ile ya Wagiriki, sahani zikavunjika, hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza kwenye hizo meli ulitumwa na nani. Wengine wakaanza kuniita pembeni, kwa upole, wananiomba radhi kabisa. "Mzee, hatusemi kitu juu yake, ila nifungulie wewe." Niliwakatalia. Niliwaambia anayefungua hapa ni yule. Wakawa wanashuka chini kwa jirani yangu.

Lakini dereva alikuwa bado anakuja. Huyo ndiye tuliyemtegemea. Alikuwa mahali pa baba wa Baharia, angekwenda juu kwa baba mdogo aseme mimi nimekunywa, na neno lake lingetosha. Kila alipokuja alikuta bia imekwisha, au alikuwa anaendesha, au tumbo. Tulimwelewa. Tulisema siku akipumzika atakunywa.

Siku moja alikuja mchana, hana gari, amevaa lile koti. Akakaa benchi la mbele. Baharia akapangusa mahali penyewe, akamwambia, "Karibu baba." Akachukua chupa, akaionyesha ina kifuniko, akaishika na kifunguo mbele ya macho yake. Dada yangu alikuwa amesimama kwenye pazia.

Dereva akauweka mkono wake juu ya chupa, taratibu. Hakumtazama Baharia. Alinitazama mimi, jikoni nilipokuwa nageuza.

"Mzee," akasema, "njoo unifungulie."

Mimi sikwenda. Nyama ilikuwa inaungua na nikaiacha iungue. Baharia alisimama na kifunguo mkononi, kisha akakiweka mezani karibu na chupa, akakisogeza kidogo kikae sawa.

"Sawa, baba," akasema.

Akaja kwenye pazia, akavua kile kitambaa akampa dada yangu, kama mtu anayempa mwenzake kitu amshikie.

"Naenda chini mara moja."

"Vitunguu vimekwisha," dada yangu akasema.

"Haya."

Hakuchukua mfuko. Akasimama ukingoni mwa barabara akingoja lori la jeshi lipite, akavuka, akafuata njia ya mkato inayoteremkia Nyabugogo, na hakurudi tena.